Mahali na Mahari: Uhakiki wa Dhana ya Kosa katika Uchunguzi wa Lafudhi ya Kiswahili cha Mara

Ikisiri

Uchunguzi wa Kiswahili kinachozungumzwa na watu wenye lugha za kwanza za Mara umezoea kuanza na kuishia kwenye orodha ya makosa ya kimatamshi, hususani kutotofautishwa kwa /l/ na /r/. Makala hii inahakiki mkabala huo. Inadai kwamba orodha ya aina hiyo inahesabu kilicho rahisi kusikika na kuacha kinachozuia maelewano. Hoja inajengwa kwa mifano ya kifonolojia na ya kisarufi, kwa ulinganisho wa kiimbo cha Kiswahili na toni ya Kikurya, na kwa kuangalia jinsi mazungumzo yanavyorekebishwa pale yanapokwama. Inahitimishwa kwamba kikwazo cha mawasiliano ya ana kwa ana hakiwezi kuelezwa kwa kumchunguza msemaji peke yake. Sikio la msikilizaji na mamlaka aliyonayo ni sehemu ya data.

1.0 Utangulizi

Mtu anayetoka Nyambureti, kata ya Wilaya ya Serengeti mkoani Mara, akieleza mbele ya watu kwamba jambo fulani lilitokea "mahari pale", wasikilizaji wawili wanaweza kumpokea kwa namna mbili. Wa kwanza ataelewa kwamba panatajwa mahali, na mazungumzo yataendelea. Wa pili ataelewa vilevile, lakini atatabasamu, atamkatiza au atamsahihisha. Wote wawili wameupata ujumbe. Hata hivyo, katika tukio la pili mawasiliano yamekatizwa, na aliyeyakatiza si msemaji.

Mtafiti anayeandika juu ya tukio hilo kwa kufuata desturi ataandika jambo moja tu: msemaji ametamka /r/ badala ya /l/ kutokana na athari za lugha yake ya kwanza. Kauli hiyo ni sahihi kama maelezo ya sauti. Kama maelezo ya mawasiliano haitoshi, kwa sababu haisemi ni kwa nini tukio la kwanza lilifanikiwa na la pili likakwama ilhali sauti iliyotamkwa ni ileile.

Makala hii haikukusanya data mpya ya uwandani. Ni uhakiki wa mbinu, na mifano ya sentensi iliyotumika imeundwa ili kubainisha hoja. Eneo linalorejelewa ni Nyambureti na sehemu za wilaya za Serengeti na Tarime ambako Kikurya, Kingoreme na lugha nyingine zenye nasaba ya karibu huishi bega kwa bega na Kiswahili: lugha za nyumbani na za ukoo upande mmoja, lugha ya shule, mahakama na ofisi upande wa pili.

2.0 Chimbuko la dhana ya kosa

Dhana ya "athari za lugha mama" katika taaluma yetu ina mizizi miwili. Mzizi wa kwanza ni isimu linganishi ya ufundishaji wa lugha. Lado (1957) alipendekeza kwamba ugumu wa mjifunzaji unaweza kutabiriwa kwa kulinganisha mfumo wa lugha yake na ule wa lugha anayojifunza. Corder (1967) aliipa dhana ya kosa sura mpya: kosa ni ushahidi wa maarifa anayojijengea mjifunzaji, wala si dosari ya kufutwa tu. Selinker (1972) akaendeleza wazo hilo kwa kuiona lugha ya mjifunzaji kuwa mfumo wenye kanuni zake. Katika matumizi yetu mengi ya kazi hizi, hata hivyo, tumechukua utabiri wa Lado na kuiacha heshima ambayo Corder alimpa mjifunzaji. Tena tumesahau kwamba mzungumzaji wa Kiswahili wa Mara si lazima awe mjifunzaji. Aliyezaliwa Serengeti na kusoma shule ya msingi kwa Kiswahili anakitumia kama lugha yake, yenye lafudhi ya kwao.

Mzizi wa pili ni modeli ya mawasiliano iliyotokana na uhandisi wa simu. Shannon (1948), na baadaye Shannon na Weaver (1949), walichora njia inayoanzia kwenye chanzo, ikapita kwa mtumaji na mkondo, ikafika kwa mpokeaji. Kinachouharibu ujumbe njiani kikaitwa kelele. Vitabu vya stadi za mawasiliano viliichukua picha hii, na lafudhi ikapangwa kwenye fungu la kelele pamoja na mvumo wa gari na kipaza sauti kibovu.

Kilichosahaulika ni nusu ya pili ya nadharia hiyohiyo. Shannon alionesha pia kwamba lugha ina uziada, yaani hubeba dalili nyingi kuliko zinazohitajika ili ujumbe ueleweke. Kwa Kiingereza cha maandishi alikadiria uziada huo kuwa takriban nusu. Kwa sababu ya uziada, dalili moja ikipotea nyingine huziba pengo. Kwa hiyo swali la kisayansi halipaswi kuwa "Ni sauti gani imebadilika?" tu. Linapaswa kuwa "Je, kuna dalili nyingine iliyobaki ya kumwezesha msikilizaji kuelewa?"

3.0 Kisa cha /l/ na /r/

Kikurya hakitofautishi fonimu /l/ na /r/ kama Kiswahili sanifu kinavyofanya. Hata majina ya kata za Wilaya ya Serengeti kama Nyambureti, Nyansurura, Ring'wani na Rung'abure yanadokeza nafasi ya /r/ katika lugha za huko. Si jambo la Mara peke yake. Kikuyu, nchini Kenya, nacho kina /r/ pasipo /l/, na mizaha inayofanywa Nairobi juu ya matamshi ya Wakikuyu inafanana sana na inayofanywa Dar es Salaam juu ya Wakurya. Kwa upande mwingine, Kisukuma kina /l/ pasipo /r/. Mfanyabiashara Msukuma na mteja wake Mkurya wanapokutana mnadani, mmoja anaweza kusema "mahali" kwa maana zote mbili na mwenzake "mahari" kwa maana zote mbili. Biashara hufanyika na ng'ombe huuzwa.

Sababu ya kwanza ya kufaulu kwao ni upatanisho wa kisarufi. "Mahali" huleta upatanisho wa pa-: mahali pale, mahali pazuri, mahali palipotengwa. "Mahari" huleta upatanisho wa i-: mahari ile, mahari iliyotolewa. Hivyo anayesema "mahari pale" hawezi kuwa anataja mali ya ndoa, kwa kuwa "pale" imekwisha kulitaja neno alilolikusudia. Jozi ya "kula" na "kura" nayo, inayopendwa sana katika utani wa siasa, hulindwa kwa namna yake. Kura hupigwa, huhesabiwa au huibwa. Huambatana na vitenzi vinavyojulikana. Kula ni kitenzi chenyewe na hukaa mahali pa kitenzi katika sentensi.

Sababu ya pili imo ndani ya Kiswahili sanifu. Sauti /l/ na /r/ zikitanguliwa na nazali ya ngeli, tofauti yao hutoweka hata katika matamshi ya mtu aliyezaliwa Unguja. Ulimi, wingi wake ni ndimi. Kivumishi -refu, kikipatana na nomino ya ngeli ya i-zi, huwa ndefu. Kutoka /l/ tumepata /nd/, na kutoka /r/ tumepata /nd/ ileile. Hakuna anayeliita jambo hili kosa. Linaitwa kanuni ya kimofofonolojia. Ni vyema pia kukumbuka kwamba jozi zinazotumiwa sana kama ushahidi wa madhara ya kuchanganya sauti hizi zinategemea maneno yenye asili ya Kiarabu: mahali, mahari na kura yote yametoka huko. Kwa hiyo mzigo wa kimaana unaobebwa na tofauti ya /l/ na /r/ katika Kiswahili upo, lakini ni mwepesi kuliko sauti ya kicheko inayoifuata.

Haina maana kwamba utata hauwezi kutokea. Shahidi akisema "Hatukukubaliana mahari", sentensi haina upatanisho wa kumsaidia msikilizaji. Yawezekana pande mbili hazikukubaliana juu ya idadi ya ng'ombe. Yawezekana hazikukubaliana pa kukutania. Katika jamii ambamo ng'ombe wa mahari ni jambo zito na shauri lake linaweza kufika mahakamani, utata huu si mchezo. Lakini angalia dawa yake: ni swali moja. "Unasema ng'ombe wa mahari, au mahali pa kukutania?" Utata wa sauti huondolewa na anayeuliza. Hudumu pale tu ambapo msikilizaji haulizi.

4.0 Kiimbo: mahali penye uziada mdogo

Kama /l/ na /r/ zina ulinzi wa kutosha, tuulize ni wapi ulinzi unapungua. Jibu mojawapo ni kiimbo. Kiswahili kinaweza kuuliza swali la ndiyo au hapana bila kubadili neno hata moja. "Amefika" na "Amefika?" hutofautiana kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Kiambishi, mpangilio wa maneno, upatanisho, vyote ni vilevile. Neno "je" lipo, lakini si lazima litumike. Hapa dalili ni moja, na ikipotea hakuna ya kuziba pengo.

Sasa tuangalie kazi ambayo mwinuko wa sauti hufanya katika Kikurya. Odden (1987), na kwa upana zaidi Marlo, Mwita na Paster (2015), wameonesha kwamba katika vitenzi vya Kikurya toni ya juu hupangwa kwa kuhesabu mora kutoka mwanzo wa sehemu ya shina: ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne, kulingana na njeo na hali. Kwa maneno mengine, toni hushiriki kubainisha wakati na hali ya tendo. Mzungumzaji wa Kikurya amelelewa kuusikiliza mwinuko wa sauti kama sarufi, wakati mzungumzaji wa Kiswahili asiye na lugha ya toni ameuzoea kama kiimbo cha sentensi na dalili ya hisia. Ni busara kutarajia kwamba hapa, kuliko kwenye /l/ na /r/, mifumo miwili inaweza kupishana bila mtu yeyote kutambua.

Neno la mwisho ndilo lenye uzito: bila kutambua. Anayesikia "kura" mahali pa "kula" anajua kwamba amesikia lafudhi. Anayesikia swali likiwa na mshuko asioutarajia hasikii lafudhi, anasikia ukali. Hasemi "kiimbo chake ni tofauti". Anasema "mtu huyu ananiamrisha". Gumperz (1982) alieleza kisa kinachofanana. Wanawake wenye asili ya India na Pakistani waliokuwa wakiwahudumia wafanyakazi katika mkahawa wa uwanja wa ndege nchini Uingereza walionekana kuwa wajeuri. Walipokuwa wakiwapa wateja mchuzi walitaja neno hilo moja kwa kiimbo cha kushuka, ambacho kwa Waingereza kilisikika kama tangazo lisilojali, ilhali wao waliona kwamba hiyo ndiyo namna ya kawaida ya kukaribisha. Hakuna fonimu iliyokosewa. Sauti ilipotazamwa pande zote mbili, kilichoitwa tabia mbaya kikabainika kuwa tofauti ya desturi za kiimbo.

Sifa ya "ukali" ambayo Wakurya hupachikwa katika mazungumzo ya mitaani inastahili kuchunguzwa kwa jicho hilo. Inawezekana kwamba sehemu ya kile kinachoitwa hulka ya kabila ni kiimbo kilichosikilizwa kwa sikio la lugha nyingine. Orodha ya makosa haiwezi kulifikia swali hili, kwa kuwa orodha hiyo huandikwa kwa herufi, na herufi hazihifadhi kiimbo.

5.0 Urekebishaji na mamlaka

Mazungumzo yote hukwama mara kwa mara, hata kati ya ndugu. Schegloff, Jefferson na Sacks (1977) walionesha kwamba mazungumzo yana mpango wa kujirekebisha, na kwamba mpango huo huelekea kumpa msemaji mwenyewe nafasi ya kwanza ya kurekebisha alichosema. Msikilizaji huashiria tatizo, kisha humwachia mwenzake.

Kiswahili kina adabu yake ya kuashiria. Kijana akishindwa kumwelewa mzee hamwambii "Hujatamka vizuri". Humwambia, "Samahani mzee, sijakusikia vizuri." Kauli hii imebeba mtazamo wa mawasiliano ulio mpana kuliko wa orodha ya makosa: hitilafu inawekwa kwenye sikio la anayeuliza, na mwenzake anaombwa arudie bila kuaibishwa. Msemaji hurudia, huongeza maelezo au hutafuta neno lingine, na maana hupatikana. Adabu ya kila siku imempa msikilizaji wajibu ambao taaluma yetu imemwondolea.

Wajibu huu hutegemea mamlaka. Katika soko au nyumbani, yeyote anaweza kusema hajasikia. Darasani na mahakamani mambo hubadilika. Mwanafunzi aliyesahihishwa /l/ yake mbele ya wenzake kabla ya jibu lake kusikilizwa hujifunza jambo moja kwa uhakika: kwamba kunyamaza ni salama. Baada ya hapo mwalimu huona ukimya na kuuita kutojua. Kosa la sauti halikuzuia mawasiliano. Usahihishaji ndio uliyazuia.

Mahakamani uzito ni mkubwa zaidi. Kiswahili kimekuwa lugha ya Mahakama za Mwanzo kwa muda mrefu, na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya kuwa lugha ya mahakama katika ngazi zote. Hatua hii ni ushindi wa kweli kwa mwananchi wa Nyambureti, ambaye hapaswi kuhukumiwa kwa lugha asiyoijua. Lakini kuwapo kwa lugha moja ndani ya chumba hakumaanishi kwamba kuna sikio moja. Ushahidi hutolewa kwa sauti na hubaki kwa maandishi. Katika safari hiyo kiimbo huachwa nje. "Nilimpiga?" iliyotamkwa kwa mshangao, shahidi akirudia tuhuma aliyosomewa, ikiandikwa bila alama ya kuuliza imekuwa ungamo. Na "mahari" iliyosikika huandikwa "mahari" au "mahali" kwa uamuzi wa mwandishi. Uamuzi huo ni tafsiri, hata kama pande zote zinazungumza Kiswahili. Kwa sababu hiyo mafunzo ya Kiswahili cha sheria hayana budi kuvuka orodha za istilahi na kuingiza stadi ya kuuliza tena.

6.0 Lafudhi katika fasihi na jukwaani

Tanzu za maonesho zinatupa ushahidi wa pande mbili. Katika vichekesho vya redio, televisheni na jukwaa, lafudhi ya Mara imekuwa vazi la mhusika: mlinzi, askari, mume mkali. Watazamaji hucheka kabla mhusika hajamaliza sentensi. Mhakiki akisifu uhalisi wa lugha hapo, amekosea kipimo. Uhalisi ungedai kwamba mhusika mwenye lafudhi aweze pia kuwa na busara, huzuni na hoja. Lafudhi inayotumika kwa kicheko tu huwafunza watazamaji wasisikilize, nao huondoka na somo hilo hadi ofisini na darasani.

Upande wa pili ni tamthiliya inayoufanya usikilizaji wenyewe kuwa kiini cha mgogoro. *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein (1969) haihusu Mara. Inahusu Vita vya Majimaji kusini mwa nchi. Naitaja kwa sababu inaonesha kwa wazi kile ambacho modeli ya mkondo na kelele haiwezi kukieleza. Kinjeketile husema akiwa amepandwa na Hongo. Wanaomsikia wanasikia maneno. Wanachokifanya na maneno hayo kinatokana na mateso yao, matumaini yao na hitaji lao la kuungana. Msemaji anapoanza kuyatilia shaka maneno yake mwenyewe, maneno yamekwisha kuwa mali ya wasikilizaji na vita vinakuja. Tamthiliya hii inakumbusha kwamba msikilizaji hutenda: huongeza, huchagua, huamini. Wahakiki wamelijadili suala hilo kama falsafa na siasa. Linastahili kujadiliwa pia kama nadharia ya mawasiliano, tena iliyoandikwa kwa Kiswahili.

7.0 Hitimisho

Makala hii imedai kwamba tofauti ya /l/ na /r/ katika Kiswahili cha Mara huzibwa kwa kiasi kikubwa na upatanisho, maambatano ya maneno na muktadha. Kwamba kiimbo, ambacho hakina ulinzi huo, ndicho kinachostahili uchunguzi wa kina zaidi. Na kwamba utata unaobaki huondolewa au hudumishwa na msikilizaji kulingana na utayari na mamlaka yake.

Yapo mapendekezo matatu. Kwanza, kila tukio la matamshi linaloorodheshwa liambatane na maelezo ya kilichofuata: je, msikilizaji alielewa, aliuliza, alicheka au alinyamaza? Bila safu hiyo, orodha ni ya sauti na si ya mawasiliano. Pili, tafiti za lafudhi ya Mara zirekodi na kuchanganua kiimbo, hasa cha maswali, maombi na amri, zikiwashirikisha wazungumzaji wa Kikurya na Kingoreme kama wafasiri wa sauti zao wenyewe. Tatu, mafunzo ya walimu, mahakimu na watumishi wa umma yajumuishe stadi ya kusema, bila kumdhalilisha mtu, "Sijakusikia vizuri."

Pendekezo la tatu halihitaji nadharia ya kigeni. Limo ndani ya adabu ya Kiswahili, na watu wa Nyambureti hulitumia kila siku wanapozungumza na wageni wao.